PESA YAKO IMEANDIKWA KATIKA DAFTARI GANI?



Katika toleo hili twataka kusema juu ya jambo ambalo wafanya kazi wengi hulikumbuka siku ya taabu tu, wakati ambapo kukumbuka hakusaidii tena. Jambo lenyewe ni mahali tunapoweka akiba zetu, na haki tuliyo nayo siku mahali hapo panapofungwa. Mwisho wa mwezi kila mtu huitazama karatasi yake ya mshahara aone amekatwa kiasi gani. Lakini ni wangapi miongoni mwetu wawezao kusema kile kilichokatwa kimekwenda kuandikwa katika daftari gani, na kwa jina gani? Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Sisi twaongeza kwamba hata mali yenye daftari yaweza kuisha, ikiwa mwenyewe hakujua daftari lile ni la namna gani.

Twaona yafaa tuanze na habari za jirani zetu wa Tanzania, kwa kuwa yaliyowapata yanajulikana, nayo yanafundisha.

Mwezi wa Mei 2017 Benki Kuu ya Tanzania iliifutia leseni Benki ya Wananchi ya Mbinga. Mbinga ni wilaya ya wakulima wa kahawa katika mkoa wa Ruvuma, huko kusini upande wa Ziwa Nyasa. Haikupita hata miezi minane, tarehe 4 Januari 2018, benki nyingine tano zikafutiwa leseni kwa siku moja. Tatu zilikuwa za mikoani: Benki ya Wananchi ya Njombe, Benki ya Wananchi ya Meru, na benki ya ushirika wa wakulima wa Kagera. Mbili zilikuwa za Dar es Salaam, yaani Covenant Bank for Women na Efatha Bank. Sababu iliyotolewa kwa benki hizo tano ilikuwa moja: mtaji wao ulikuwa umepungua chini ya kiasi kilichowekwa na sheria. Benki ya wananchi ilitakiwa iwe na mtaji usiopungua shilingi bilioni 2 za Tanzania. Zilipewa muda wa kuufikia, nazo hazikuufikia.

Mwanachama atauliza, mtaji ni kitu gani hata benki ifungwe kwa ajili yake? Mtaji ni pesa ya wenye benki wenyewe, yaani wale walionunua hisa. Amana ni pesa ya wateja, nayo ni deni: benki imeazimwa na mteja, na siku yo yote mteja aweza kuitaka. Benki huchukua amana hizo ikazikopesha kwa watu wengine. Mkopo mmoja ukipotea, hasara huanza kuliwa kutoka katika mtaji. Mikopo mingi ikipotea, mtaji huisha. Na mtaji ukiisha, hasara huanza kula amana za watu, ijapokuwa mlango ungali wazi na karani angali akitabasamu dirishani. Kwa hivi benki isiyo na mtaji yaweza kuendelea kupokea pesa kila siku, hali kila anayeweka anawalipia waliotoa jana. Kuifunga ni jambo chungu, lakini kuiacha hivyo ni kuwaongeza wenye kuumia.

Tena yafaa tufahamu kwa nini benki ndogo ya shamba huwa katika hatari kuliko benki kubwa ya mjini. Watu wake wote hutegemea zao moja. Kahawa ikishuka bei, au mvua ikikosa, wenye mikopo hushindwa kulipa kwa msimu mmoja, na wakati huo huo wenye akiba huja kutoa pesa zao ili wale. Benki kubwa ina wateja wa bandarini, wa viwandani, wa maofisini na wa mashambani, na huyu akishindwa yule hulipa. Benki ndogo haina wa kumtegemea. Na mahali ambapo kila mtu amjua mwenziwe, karani wa mikopo hupata taabu kumkatalia mjomba wake au mkubwa wa kijiji.

Basi, walioweka pesa zao walipata nini? Hapa ndipo penye funzo.

Tanzania ina Bodi ya Bima ya Amana. Kila benki huichangia mfuko wake, ili benki moja ikianguka walioweka amana wapate angalau kitu. Bodi hiyo ndiyo iliyowekwa kuwa mfilisi wa benki hizo. Wakati ule kiasi cha juu kilicholindwa kilikuwa shilingi 1,500,000 za Tanzania kwa kila mwenye amana, nazo zilikuwa kama shilingi 70,000 za Kenya kwa kiwango cha siku zile. Mtu aliyekuwa na amana ya 400,000 alistahili kulipwa zote. Mtu aliyeuza kahawa na ng'ombe akaweka 6,000,000 alistahili 1,500,000 kwanza, na 4,500,000 zilizobaki akaambiwa angoje mfilisi akusanye madeni ya benki na kuuza mali yake, ndipo agawiwe kwa kadiri ya kitakachopatikana. Na madeni ya benki iliyokufa hayakusanywi kwa mwezi mmoja wala kwa mwaka mmoja. Hatimaye, mwaka 2023, serikali ya Tanzania ilipandisha kiasi hicho hadi shilingi 7,500,000. Twaisifu hatua hiyo, lakini ilikuja miaka mitano baada ya milango kufungwa.

Kuna kundi la pili, nalo ndilo linalotusikitisha zaidi. Hawa ni wale walioambiwa, "Benki hii ni yenu, njoni mnunue hisa." Wakaja walimu na wakulima, na vyama vyao vya ushirika vikaja. Walikuwa na haki ya kuona fahari, kwa maana kumiliki benki si jambo dogo kwa mtu wa jembe. Lakini hisa si amana. Bima ya amana hailipi hisa hata senti moja. Na mfilisi akisha kukusanya, hulipa gharama za kazi yake, hulipa wenye amana na wadai wengine, na mwenye hisa husimama mwisho wa mstari. Akifika dirishani, mara nyingi hakuna kitu. Mtu mmoja angeweza kuwa na vitabu viwili katika benki ile ile, kimoja kikalipwa na kingine kikawa karatasi tupu.

Na kundi la tatu ni waliokopa. Wengine hudhani benki ikifa na deni limekufa. La, sivyo. Deni hubaki, na mfilisi hulidai kama benki ilivyolidai. Mwenye amana na mkopo pamoja aweza kukuta amana yake imetumiwa kwanza kupunguza mkopo wake.

Msije mkasema kwamba haya ni mambo ya ng'ambo ya mpaka tu. Kenya imeyaona zamani. Mwaka 1984 ilianguka Rural Urban Credit Finance, na mwaka 1986 zikafuata nyingine. Nyingi zilikuwa nyumba za fedha ndogo ndogo zilizofunguliwa kwa mtaji mdogo, zikawavuta watu kwa riba kubwa. Kwa sababu ya misiba ya namna hiyo sheria ilibadilishwa mwaka 1985 ili kuwe na mfuko wa kulinda amana, na mwezi wa Desemba 1989 ilianzishwa Benki ya Consolidated kuchukua taasisi tisa zilizokuwa taabani, miongoni mwao Union Bank of Kenya, Jimba Credit na Estate Building Society. Tena mwaka 2015 zikafungwa Dubai Bank mwezi wa Agosti na Imperial Bank mwezi wa Oktoba, na Chase Bank ikafuata Aprili 2016. Wenye amana wa Imperial walianza kulipwa Desemba 2015, kila mtu hadi shilingi 1,000,000, na waliobaki na zaidi wakaingia katika safari ndefu. Benki yenyewe iliwekwa chini ya mfilisi Desemba 2021, baada ya miaka sita.

Kwa miaka mingi bima ya amana ya Kenya ililipa hadi shilingi 100,000 tu kwa kila mtu katika kila benki. Tangu Julai 2020 kiasi hicho kikawa shilingi 500,000, chini ya shirika liitwalo KDIC. Kwa mfanya kazi wa kawaida kiasi hicho chatosha kulinda akiba yake yote iliyo benki. Tungeweza kukomea hapa tukalala usingizi.

Lakini tujiulize, je, akiba ya mfanya kazi wa Njiru iko benki? Tukitazama hapa petu, kutoka Njiru Sokoni mpaka Saika, Chokaa na Ruai, twaona majengo ya mawe yakipanda kando ya barabara ya Kangundo. Mengi hayakujengwa kwa mikopo ya benki. Yamejengwa kwa sako, na kwa chama cha akina mama kikutanacho Jumapili mchana. Ploti ilinunuliwa kwa mkopo wa sako, na karo ya kidato cha kwanza ililipwa na sako. Kwa hivyo swali la mwanachama wetu lazima liwe hili: sako ikianguka, nani hunilipa?

Jibu ni chungu, nasi hatutalifunika. KDIC hulinda amana zilizo katika benki. Hailindi akiba zilizo katika sako. Sheria ya Vyama vya Sako ya mwaka 2008 ilisema kutakuwa na mfuko wa kudhamini amana za wanachama wa sako, na kiasi cha juu kikaandikwa shilingi 100,000 kwa kila mwanachama, hisa zikiwa nje. Lakini maneno ya kitabu hayalipi mtu. Hata kufikia mwaka 2024, miaka kumi na sita baada ya sheria hiyo kupita, mfuko huo ulikuwa haujaanza kazi. Mkulima wa Mbinga benki yake ilipofungwa alikuwa na Bodi ya kumlipa hata kama ni kidogo. Mfanya kazi wa Nairobi mwenye akiba ya miaka ishirini katika sako hakuwa na dirisha kama hilo.

Na hatari si ya kufikirika. Mwaka 2025 ulitolewa ukaguzi wa hesabu za KUSCCO, muungano wa vyama vya sako, nao ulionyesha upotevu wa karibu shilingi bilioni 13.3. Vyama vingi vilikuwa vimeweka humo akiba za wanachama wao. Mwanachama wa kawaida hakuwahi kutia mguu katika ofisi ya KUSCCO, lakini pesa yake ilikuwa imefika huko bila yeye kujua. Ndiyo maana twasema, uliza daftari, na uliza pia daftari lililo nyuma ya daftari.

Sisi wa reli tunajua kazi ya yule fundi apitaye kando ya mabehewa na nyundo yake, akigonga magurudumu kabla gari halijaondoka stesheni. Abiria humwona kama anawachelewesha. Lakini gurudumu lililopasuka hutoa sauti yake, naye huisikia. Katika fedha zetu fundi huyo ni mwanachama mwenyewe anayeuliza maswali katika mkutano mkuu wa mwaka. Kwa bahati mbaya wengi wetu huenda mkutanoni kuuliza jambo moja tu: "Faida ya mwaka huu ni asilimia ngapi?" Tukiisha kutajiwa namba kubwa twapiga makofi, twala chakula, twarudi nyumbani. Faida kubwa yaweza kuwa dalili ya afya, na yaweza kuwa dalili ya homa. Walioanguka miaka ya themanini nao waliahidi riba kubwa.

Kwa hiyo twawaomba wanachama wote wa tawi hili wayashike mambo yafuatayo.

Kwanza, jua hisa zako na jua akiba zako. Katika sako ni vitu viwili mbalimbali. Akiba hurudishwa mwanachama akijitoa, baada ya taarifa na baada ya madeni yake na dhamana zake kuondolewa. Hisa hazirudishwi, huuzwa kwa mwanachama mwingine. Ukiombwa kuongeza hisa ili upate faida zaidi, kumbuka kwamba unahama kutoka mstari wa mbele kwenda mstari wa nyuma. Si vibaya kuhama, bali hama ukijua.

Pili, linganisha karatasi ya mshahara na taarifa ya sako. Yako maeneo ya kazi ambapo mwajiri hukata pesa asizipeleke. Mfanya kazi huonekana hajalipa mkopo, na wadhamini wake hukatwa kwa deni ambalo yeye alikwisha katwa. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 1997, kifungu cha 35, iliweka adhabu kwa mwajiri wa namna hiyo: riba isiyopungua asilimia 5 kwa mwezi juu ya pesa alizozizuia. Lakini sheria haitembei peke yake. Ukiona miezi miwili haijaandikwa, mletee habari katibu wa tawi, pamoja na karatasi zote mbili. Usingoje mwaka uishe.

Tatu, mkutanoni uliza maswali manne. Mikopo isiyolipika ni kiasi gani katika kila shilingi mia iliyokopeshwa? Wajumbe wa kamati na watumishi wamekopa kiasi gani, nao wanalipa? Akiba zisizokopeshwa zimewekwa wapi, na kwa nani? Na mkaguzi wa hesabu aliandika onyo lo lote? Maswali haya hayahitaji elimu ya chuo. Aliyesoma mpaka darasa la saba aweza kuyauliza, na kamati iliyo safi hujibu bila hasira.

Nne, vyama vya mtaani viangalie jina la akaunti. Tuseme watu 40 wameweka shilingi 1,200,000 katika benki moja kwa jina la kikundi. Kila mmoja ana 30,000, nazo ni ndogo kuliko bima. Lakini kwa kawaida akaunti ya kikundi huhesabiwa kama mwenye amana mmoja. Benki ikifungwa, kikundi hupata 500,000 kwanza, ndiyo 12,500 kwa kila mtu. Mkiwa na kiasi kikubwa, ulizeni benki kwa barua jinsi mtakavyohesabiwa, au gawanyeni pesa katika benki mbili tatu.

Tano, weka karatasi zako mahali ambapo mkeo au mumeo na mtoto mkubwa wanapajua. Taasisi ikifungwa, mfilisi hulipa kwa ushahidi. Na mwenye haki asiyejitokeza hubaki bila kulipwa, maana hakuna atakayekuja mlangoni kumtafuta.

Hayo ni yetu sisi. Yako pia yasiyo yetu. Twaitaka serikali iutie uhai mfuko wa kudhamini amana za sako ulioandikwa mwaka 2008, na ikubali kwamba shilingi 100,000 zilizotajwa wakati ule hazilingani na bei za leo. Kama mteja wa benki amepandishiwa kutoka 100,000 hadi 500,000, ni haki gani inayomwacha mfanya kazi na mkulima nyuma? Pesa yake si nyepesi. Imetoka katika jasho lile lile. Viongozi wa vyama vya wafanya kazi waliseme jambo hili kila wanapokaa mezani na serikali, kama wanavyosema juu ya mshahara. Maana mshahara ulioongezwa kisha ukapotea katika akiba haukuongezwa.

Wako watakaosema, "Basi tusiweke tena katika vyama vidogo, twendeni benki kubwa tu." Hatukubaliani nao. Benki kubwa haikumjengea mfanya kazi wa Njiru nyumba, wala haikumkopesha mkulima wa kahawa mbolea. Hata huko Tanzania, Benki ya Ushirika ya Kilimanjaro, iliyokuwa nayo na upungufu wa mtaji mwaka 2018, ilipewa miezi sita ya kujirekebisha. Haikufa, na mwaka 2025 ikawa mojawapo ya misingi ya Benki ya Ushirika ya Tanzania nzima. Kwa hiyo udogo peke yake hauui. Kinachoua ni mtaji mdogo pamoja na mikopo ya upendeleo na wanachama wasiouliza.

Ndugu zetu, haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kilichotoboka hakijai. Mwezi huu, kabla ya siku ya mshahara, kila mwanachama aende katika ofisi ya sako yake akaombe taarifa ya akiba na taarifa ya hisa, kila moja peke yake. Ni haki yake. Atakayekataliwa atujulishe, nasi tutakwenda pamoja naye.

Umoja ni nguvu.